Namna ya kutunga maneno mapya kwenye hadithi ya kisayansi, kwa wanaoanza

Nimeamua kuiandika hii mara moja ili niwe naituma tu, maana nimechoka kujibu meseji ileile. Kijana yupo Masasi au Nachingwea, ameanza hadithi yake ya anga za mbali, mwaka 2300 na kitu, kaandika kurasa tatu vizuri kabisa alafu kakwama, na swali lake ni moja: "Kaka, hii mashine niiiteje?" Wengine shida yao ni kinyume, hawajakwama hata kidogo, wametunga maneno hamsini kwenye ukurasa wa kwanza, shujaa anaitwa Zyrkhon, sayari inaitwa Xq'arth, silaha sijui nini, bibi yangu akinisikia nasoma kwa sauti atajua nimeshikwa na degedege.

Kwaiyo hii ni kwa wote wawili. Nadharia sina nyingi, ninayo moja tu: neno la kubuni linatakiwa lieleweke kabla msomaji hajaambiwa maana yake. Mengine yote hapa chini ni namna ya kufika hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari la peke yake kwa ajili ya maneno. Usiandike maneno kwenye daftari la hadithi, utayapoteza.
- Kamusi ya Kiswahili yoyote, hata ile kuukuu isiyo na jalada.
- Kazi moja ya mikono unayoijua vizuri wewe mwenyewe. Korosho, uvuvi, kuchonga vinyago, mashamba ya chumvi, bodaboda, chochote. Hii usiidharau, utaona huko mbele ndo mtaji wako.
- Mtu mmoja asiyependa kusoma. Huyu ndo kipimo. Wangu ni fundi pikipiki hapa Mikindani, hajawahi kumaliza kitabu na wala hana mpango huo.
- Hadithi yenyewe iwe imeanza. Kama huna hata ukurasa mmoja, funga hii kitu kaandike kwanza, maana kuna watu wanatunga kamusi ya sayari nzima miaka miwili na hamna hadithi.

Haya tuanze.

1. Orodhesha vitu, usitunge neno bado

Pitia ulichoandika, kila kitu ambacho hakipo duniani leo kiandike kwa maelezo ya kawaida. "Mashine inayoondoa uzito wa mzigo." "Watu waliozaliwa kwenye mwezi wa sayari nyingine." "Kumtoa mtu akili yake ukaiweka kwenye mashine." Ukimaliza, kata. Kitu kinachoonekana mara moja tu hakihitaji jina, kiite kwa maelezo upite zako. Mashine ya wakati imekuwa ikiitwa hivyohivyo, mashine ya wakati, tangu H. G. Wells alipoiandika mwaka 1895, na hakuna aliyelalamika kwamba jina ni rahisi mno.

Kwa hadithi fupi mi nasema maneno matano hadi saba yanatosha. Ukiona umebaki na ishirini hujakata, umeyahurumia.

2. Jiulize nani analitamka

Hapa ndo wengi wanaporuka. Neno halikai hewani, linakaa mdomoni mwa mtu. Mwaka 2022 makarani wa sensa walipita kwetu na vishikwambi, ndivyo vilivyoitwa redioni na kwenye matangazo yote, lakini nenda kijiweni ukasikilize, watu wanasema tableti. Serikali ina stakabadhi ghalani, ule mfumo rasmi wa kuuza mazao kupitia maghala, mtaani kuna kangomba, yaani kununua korosho za wakulima kinyemela nje ya mfumo huo, na kila mtu wa Mtwara na Lindi akisikia kangomba hahitaji kuelezwa ni biashara gani ya korosho na kwa nini inafanyika usiku.

Kwaiyo kitu kikubwa kwenye hadithi yako kipe majina mawili, la ofisini na la mtaani. Mashine yangu ya kuondoa uzito nilianza kwa kuiita kipunguza uzito, nikampelekea yule fundi, akaniuliza kama ni ile dawa ya tumbo wanayotangaza wakina mama. Nikabadilisha, ofisini ikawa kizimauzito, na mtaani watu wa kwenye hadithi wakaifupisha wakaiita nyoya. "Washa nyoya." "Nyoya limeisha chaji." Ukisikia hivyo tu unajua hawa watu wameizoea hii mashine miaka mingi, na mimi sijaandika popote kwamba wameizoea.

3. Chagua njia ya kulipata neno

Njia ni nyingi ila mi natumia hizi.

Ya kwanza, chukua neno la zamani ulipe kazi mpya. Kiswahili chenyewe ndivyo kinavyoishi. Ndege alikuwa mnyama wa mabawa, akaja kuwa chombo cha kutupeleka Dar. Rubani alikuwa mtu wa baharini kabla hajapandishwa hewani. Barakoa ilikuwa ya wanawake wa pwani kufunika uso, mwaka 2020 tukavaa wote mpaka makondakta. Wenzetu wa Marekani nao hivyohivyo, ile sehemu ya mbele ya neno la cyberspace, yaani ulimwengu wa ndani ya kompyuta, ambalo William Gibson alilitumia kwenye hadithi fupi mwaka 1982, ukiifuatilia nyuma kabisa unafika kwa Mgiriki aliyeshika usukani wa chombo. Sasa sisi tuna bahari hapa mlangoni na maneno yake yote yamelala: kusi, kaskazi, demani, bamvua, maji mafu, sukani, serahangi. Upepo unaotoka kwenye jua kuja kupiga vyombo vya anga, kwa nini usiitwe kaskazi ya jua? Msomaji wa Kilwa ataona tanga limejaa kabla hujamwelezea tanga lenyewe.

Ya pili, kitenzi na jina lake. Kipaza sauti, kipimajoto, kinasa sauti, kifungua kinywa. Muundo huu hauchoki na msomaji anaufungua mwenyewe kichwani. Kizimauzito kimetoka humu.

Ya tatu, mlio. Pikipiki, tingatinga. Kama mashine yako ina sauti, isikilize. Hii inafaa sana kwa majina ya mtaani, haifai kwa majina ya ofisini, hakuna waziri atakayezindua mradi wa vungavunga.

Ya nne, kifupisho. UKIMWI na UVIKO ni vifupisho na leo watu wanavitamka kama maneno ya kuzaliwa nayo. Ila chunga. Mi niliwahi kutunga ugonjwa wa watu wanaokaa sana angani, Upungufu wa Uzito wa Anga, nikaufupisha UPUZA, nikajiona fundi kweli, alafu kila aliyesoma "daktari akamwambia ana UPUZA" akacheka. Ilikuwa sehemu ya kulia ile.

Ya tano, kuazima kwa jirani. Frank Herbert kwenye riwaya yake ya Dune ya mwaka 1965 alichota Kiarabu kwa ndoo, mpaka shujaa wake anaitwa Muad'Dib, na Mmarekani akisoma anasikia jangwa la mbali na mambo mageni. Wewe wa Mikindani uliyepita chuoni kwa mwalimu, madrasa, ukisoma unasikia adabu, maana ni mzizi uleule, unakumbuka na kiboko. Kwaiyo usiige alichoazima, iga kuazima. Kigeni kwake ni cha nyumbani kwako. Wewe una Kimakonde, Kimwera, Kiyao, una Kimakua upande wa Masasi. Ila azima kwa kuuliza. Kuna neno nililisikia utotoni kwa wakubwa, nikaona tamu, nikalipa sayari nzima, watu wa Newala waliposoma walicheka wiki mbili na sitaliandika hapa.

4. Chagua kazi moja uikamue

Hii ndo hatua ninayoipenda na ndo inayotofautisha hadithi iliyosimama na ile iliyookotwaokotwa. Usichukue neno moja kutoka uvuvi, moja gereji, moja kanisani, moja kwenye mpira. Chukua kazi moja uchote maneno yake kwa ukoo mzima.

Mfano wangu ni korosho. Nilikuwa na kile kitu cha kumtoa mtu akili ukaiweka kwenye mashine, nikahangaika nacho mwezi, nikajaribu kuhamisha, kunakili, kupakua, yote yananuka ofisi. Siku moja nimekaa na mama mmoja anabangua korosho kwa mkono, vidole vimeshababuka kwa yale mafuta ya ganda, nikasema hii hapa. Kubangua.

Sasa angalia linavyojizaa lenyewe. Mtu anabanguliwa. Anayefanya kazi hiyo ni mbanguaji. Mwili unaobaki unaitwa ganda, na ndugu wanagombana kuhusu nani azike ganda. Wapo wanaouza kumbukumbu za waliobanguliwa kinyemela, hiyo ni kangomba, na sikubadilisha hata herufi. Wapo wanaonunua kumbukumbu za raha za watu wengine wakalewa nazo, hiyo nikaiita uraka, ile pombe ya mabibo, matunda ya mkorosho, na mtu wa Tandahimba akifika hapo anajua mwenyewe kwamba mabibo yamekaa siku ngapi na kichwa kitauma namna gani kesho yake. Neno moja limenipa matano, na yote yanaelewana kwa sababu yametoka shamba moja.

Sentensi ya kwanza ya ile hadithi ikaja yenyewe: "Baba kabanguliwa juzi, ganda tumelizika leo asubuhi, na yeye mwenyewe kanipigia kuniuliza kama nimelipia maji."

Sijaeleza kitu. Wewe umeelewa, au sio?

Kuna faida nyingine ya kuanza na kitenzi, Kiswahili kinakupa viambishi bure. Bangua, bangulia, banguliwa, bangulika, banguana. Robert Heinlein mwaka 1961 alitunga kitenzi cha watu wa Mirihi, grok, ambacho kwa lugha yao maana yake ya chini kabisa ni kunywa, alafu kinapanda mpaka kuelewa kitu hadi kikawa sehemu yako. Alifanya vizuri kwa sababu chini ya neno kuna kitendo cha mwili. Kunywa unakujua kooni. Kubangua unakujua vidoleni. Kitenzi chako kikiwa hakina mwili chini yake kitaelea tu.

5. Lipe ngeli, alafu fikiria mara mbili

Hapa Waingereza hawana tulichonacho sisi. Tuseme una mzizi usio na maana yoyote, gwede. Weka viambishi: Mgwede, Wagwede, Kigwede, Ugwede. Hujasema lolote na msomaji ameshajua yupo mtu, wapo wengi, wana lugha na mila yao, na kuna nchi wanakotoka. Mwandishi wa Kiingereza anahitaji nusu ukurasa kwa hilo.

Kosa la kawaida: watu wanatunga jina la kigeni alafu wanaliacha bila ngeli, "Gwede wawili walikuja na Gwede akasema kwa lugha ya Gwede". Kama ni watu wape M na Wa. Kama umeamua makusudi kuwanyima sawa, ila iwe umeamua.

Na kuamua kwenyewe ndo huku. Neno roboti lilianzia kwenye mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, Mcheki, ulioandikwa 1920, na aliyempa neno ni kaka yake Josef. Limetokana na robota, kazi ya kulazimishwa. Na roboti wa mule ndani hawakuwa wa chuma, walikuwa watu wa kutengenezwa, wanafanyishwa kazi mpaka wanaasi. Mi huwa nawaza kama Čapek angekuwa wa kwetu asingehangaika, wazee wetu waliokwenda kwenye mashamba ya mkonge waliitwa manamba, yaani mtu anaitwa kwa namba yake, angewaita manamba na kila mtu Kusini angeshuka na hadithi mpaka mwisho.

Sasa sikiliza. Kwenye Kiswahili ukiandika "roboti imekataa" na ukiandika "roboti amekataa", umeandika hadithi mbili tofauti. Ya kwanza ni mashine mbovu, ita fundi. Ya pili ni mtu, na kuna kesi. Herufi moja. Unaweza kuijenga familia nzima hapo, baba anasema "limeharibika", mtoto anasema "ameumia", na mama kila siku anakwepa kitenzi. Usiitupe hii nafasi kwa kuandika ovyo, leo i- kesho a-, msomaji makini ataona hukufikiria. Andika kwenye daftari nani anatumia kiambishi gani, na kama mtu atabadilika, abadilike ukurasa ambao umeuchagua wewe.

6. Majina ya watu na ya mahali

Sahau X na Q, hazimo kwenye alfabeti yetu na mdomo wetu hauzitaki. Sahau na kile kialama cha juu katikati ya jina, K'tar, Th'on, kwetu kialama kile kina kazi yake tayari, kipo kwenye ng'ombe na ng'ambo, msomaji akikiona anakaza pua bure. Silabi ziishie na irabu. Mkazo uwe silabi ya pili kutoka mwisho, ndivyo msomaji atakavyosoma hata kama wewe ulikusudia vingine.

Majina ya mahali mi nina ujanja wangu. Angalia ramani ya kwetu: Nachingwea, Nanyamba, Nanguruwe, Naliendele, Nanganga, Nangurukuru. Umeona? Ukianza jina la makazi ya kwenye Mirihi na Na-, mtu wa Kusini anajua hapo watu wamehamia kutoka kwetu na wamebeba majina yao. Nampindi. Nachirumba. Nimeyatunga sasa hivi, na nina hakika mtu atasema ana shangazi huko.

Na msione aibu kutumia maneno ya kawaida kabisa kwa majina ya watu. Yule mama wa mawasiliano kwenye Star Trek, tamthilia ya anga ya televisheni ya Marekani ya mwaka 1966, anaitwa Uhura, wamelichukua neno uhuru wakageuza herufi ya mwisho, baadaye wakampa na jina la kwanza Nyota. Wao wametembea mpaka kwetu kutafuta jina lenye ladha, na sisi tupo hapa tunaandika Zyrkhon.

7. Lipime mdomoni

Mwite yule mtu wako asiyependa kusoma. Usimpe maelezo. Msomee sentensi moja yenye neno, alafu muulize vitu vitatu: unadhani ni kitu gani, ni kikubwa au kidogo, linakukumbusha neno gani lingine. Swali la tatu ndo la hatari, ndo lingeniokoa na UPUZA.

Akikosea la kwanza kidogo usijali. Akikosea kabisa rekebisha sentensi kwanza, ukishindwa ndo ubadilishe neno.

Kuna kipimo kingine cha juu zaidi. Isaac Asimov mwaka 1941 aliandika neno robotics kwenye hadithi yake, na yeye mwenyewe alidhani neno lipo tayari, hakujua ndo analitunga. Lilikuwa limekaa kwenye mstari wa lugha yake vizuri hivyo. Ukimsomea mtu neno lako na asikuulize chochote, akaendelea kusikiliza hadithi, umefika hapohapo alipofika Asimov.

8. Liingize kwenye hadithi kimyakimya

Kibaya: "Juma alichukua kizimauzito, ambacho ni kifaa kilichovumbuliwa mwaka 2187 kwa ajili ya kuondoa uzito wa vitu mbalimbali, akakiwasha."

Kizuri: "Juma alifunga kizimauzito kwenye gunia la korosho, akawasha, gunia likapanda taratibu mpaka mama yake akalidaka kwa kidole kimoja. 'Zima nyoya hilo,' alisema, 'utatoboa bati.'"

Angalia cha pili. Kazi ya kifaa imeonekana, jina la pili limeingia bila hodi, na tumejua nyumba ni ya bati hata huko mbele. Usiweke maana kwenye mabano, usiweke kamusi mwishoni mwa hadithi fupi, na usimfanye mhusika amweleze mwenzake kitu ambacho wote wawili wamekulia nacho. Wewe ulishawahi kumweleza jirani yako bajaji ni nini?

Neno jipya moja kwa aya, yakizidi mawili msomaji anaanza kuruka mistari.

9. Fikiria na maneno yaliyokufa

Hii ni fupi lakini nzito. George Orwell kwenye riwaya yake ya Nineteen Eighty-Four, iliyotoka mwaka 1949, alitengeneza lugha ya serikali ambayo kila mwaka maneno yanapunguzwa, ili watu wakose hata la kuwazia upinzani. Wewe sio lazima uwe na serikali mbaya. Jiulize tu, kwenye dunia yako ni neno gani halina kazi tena? Watoto waliozaliwa kwenye mji wa chini ya bahari hawajui vumbi. Bibi anasema "futa vumbi" na mjukuu anauliza vumbi ni mnyama gani. Kwenye chombo cha safari ya miaka mia hakuna masika. Neno moja lililokufa likiwekwa pazuri linafanya kazi ya matano mapya, na hukutunga chochote.

Ukikwama

"Neno nililotunga nimelikuta kwenye kamusi lina maana nyingine." Angalia kama maana hizo mbili zinaweza kukutana sentensi moja zikagombana. Kama haziwezi, liache, Kiswahili kina kaa wa baharini na kaa la moto na maisha yanaendelea. Kama zinaweza, badilisha. Mi nilitaka kizimauzito mtaani kiitwe kizima, nikaona "kijiji kizima" inakuja, nikaacha.

"Neno lishatungwa na mwandishi mwingine." Inategemea. Ursula Le Guin alitunga ansible mwaka 1966, chombo cha kuongea na nyota za mbali papo kwa papo, na waandishi wengine baadaye wakaliazima likawa kama la wote. Ila sisi wa kuazima hilo ni wachache, tunga la kwako, unaongea na mtu wa mbali bila kuchelewa, sisi tunaita nini? Nimewaachia hiyo.

"Naruhusiwa kuacha la Kiingereza?" Kama watu wanalisema tayari, liandike Kiswahili uendelee, roketi, roboti, betri. Usitafsiri kitu ambacho hakuna anayekitafsiri. Tarakilishi mpe profesa wa kwenye hadithi yako, wengine wote waseme kompyuta, na tayari umetenganisha wahusika wako.

"Wasomaji wananiuliza maana." Wakiuliza wawili watatu, sawa. Wakiuliza wote, rudi hatua ya 8, shida ipo kwenye sentensi. Na kama umeanza hadithi kwa neno jipya kabla ya kitu chochote cha kawaida kuonekana, hata mimi ningeuliza, weka kwanza chai au mlango au mvua.

"Maneno yangu yananichanganya mwenyewe, ukurasa wa kumi nyoya ni mashine na ukurasa wa ishirini ni mafuta ya mashine." Ndo maana nilisema daftari la peke yake. Neno, ngeli, nani analisema, ukurasa lilipoingia. Mistari minne, hainunuliwi.

"Mwalimu kaniwekea mstari mwekundu, anasema neno halipo." Usibishane naye kuhusu hadithi za kisayansi, mwoneshe ngeli. Mbanguaji, ubanguaji, wamebanguliwa, kila kitu kimefuata kanuni. Mwalimu wa Kiswahili akiona upatanisho umekaa sawa huwa analainika. Asipolainika, kwenye mtihani andika anavyotaka yeye na hadithi yako iendelee kukaa ilivyo.

"Simu inanibadilishia." Hii wanaoandika kwa simu wote wanaijua, unaandika Mgwede inakuwekea kitu cha Kiingereza, alafu unatuma sura nzima hivyohivyo. Nenda kwenye mipangilio ya kibodi uzime kusahihisha kwenyewe, au neno likitokea juu ya kibodi likiwa sawa libonyeze ili simu ilizoee. Alafu kabla hujatuma pitia majina yote moja moja, maana kuna mtu alinitumia hadithi ambayo shujaa wake ana majina manne na mpaka leo sijajua ni mtu mmoja au ukoo.